Namna ya Kuanzisha Kundi la Watumiaji wa Linux Mjini Kwako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizomo katika ofisi ndogo, shule na maduka ya stesheneri ya miji yetu haziwezi kuhamia Windows 11 kwa njia rasmi, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Mashine hizo, ambazo nyingi ziliingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, bado ni nzima, na Linux, mfumo endeshi unaoweza kushika nafasi ya Windows, hufanya kazi juu yake bila taabu kubwa. Programu yenyewe ni huria na kila mwenye intaneti anaweza kuipakua, lakini mtu wa karibu wa kumwendea pale printa inapogoma siku tatu baada ya mfumo kubadilishwa ni adimu. Kundi la watumiaji huanzishwa kwa ajili hiyo, na maelekezo haya yameandikwa kwa kuufikiria mji wa Tanzania wa ukubwa wa Mbeya, Morogoro au Tanga, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia kwa Kisumu au Eldoret.

Jambo la kwanza la kupanga ni mkutano wa pili. Ni rahisi sana kuzindua kundi kwa shangwe, mgeni rasmi na fulana, kisha lisikutane tena. Na yule aliyebadilishiwa mfumo siku ya uzinduzi hubaki peke yake na mashine asiyoielewa, hadi anapoirudisha kwa fundi aiwekee Windows isiyo na leseni, huku akiwaambia majirani kwamba Linux haifai. Mtu huyo mmoja hulidhuru kundi kuliko ukosefu wa fedha. Kwa hiyo usitangaze mkutano wa kwanza kabla hujawa na uhakika wa mahali, tarehe na wasaidizi wa mkutano utakaoufuata.

Watu wa kwanza, mahali na siku

Watu wanne wanatosha kuanza, mradi wasiwe wa aina moja. Mmoja awe anaijua vizuri Linux kwa njia ya amri. Mwingine awe fundi aliyezoea kufungua mashine na kubadilisha diski. Wa tatu awe mtu mwenye subira ya kumfundisha mwenye umri wa mama yake bila kumnyang'anya kipanya. Na wa nne awe mtunza daftari, yule ambaye akisema atapiga simu kesho hupiga. Huyu wa nne ndiye mgumu kumpata. Watafute katika vyuo kama MUST na SUA, katika vituo vya mafunzo ya ufundi vya VETA, miongoni mwa walimu wa TEHAMA na wasimamizi wa mitandao wa ofisi mbalimbali, lakini usilijenge kundi juu ya wanafunzi peke yao, kwa sababu wanafunzi huenda likizo wote kwa pamoja na baada ya miaka michache huhitimu na kuondoka mjini.

Mafundi kompyuta wa mitaani wanahitaji mazungumzo ya mapema. Fundi anayelipwa kwa kuweka Windows atawaona ninyi kama watu mliokuja kumharibia riziki, na hatakuwa amekosea ikiwa kila wiki mtafanya bure kazi anayoishi kwayo. Mweleze kwamba leseni ya GPL, inayotawala kiini cha Linux na programu nyingi zinazoambatana nacho, haimkatazi mtu kutoza pesa kwa kazi yake, kisha mkubaliane kwamba kundi litasakinisha bure siku moja tu ya mwezi, na wateja wa siku nyingine wataelekezwa kwake. Fundi aliyejiunga kwa makubaliano hayo huwa nguzo ya kundi, maana yeye yuko dukani kila siku.

Mahali pawe na umeme wa kuaminika, meza imara na mtu mwenye ufunguo ambaye hasafiri ovyo. Maabara ya chuo, chumba katika maktaba ya mkoa au darasa la shule ya sekondari vinafaa kuliko ukumbi wa hoteli, kwa sababu hoteli ina gharama na pia huwafanya watu waamini kwamba kuna posho. Andika katika tangazo la kwanza kabisa kwamba hakuna posho wala nauli. Watakaopungua kwa sababu hiyo wangepungua tu. Kuhusu siku, Jumamosi ndiyo huchaguliwa kwa mazoea, lakini inawafungia nje Wasabato, na katika miji mingi hao si wachache. Jumapili saa nane mchana huwafaa wengi. Siku yoyote mtakayochagua, kwa mfano Jumapili ya pili ya mwezi, isibadilike hata kama wamekuja watu watatu, kwa sababu mwenye tatizo lazima ajue bila kuuliza kwamba siku hiyo mlango uko wazi.

Distro moja, basi

Kundi changa likishindwa kuchagua distro moja, yaani toleo moja la Linux kati ya mengi yanayosambazwa, ya kusakinishia wageni, mikutano itageuka mabishano ya wajuzi huku mgeni akitazama saa. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, yanayotoka kila baada ya miaka 2 mwezi Aprili na kupewa masasisho kwa miaka 5, ni chaguo la salama. Linux Mint, inayojengwa juu ya matoleo hayo hayo, ndiyo ningeichagua kwa anayetoka Windows, hasa ile yenye eneokazi la Xfce, ambayo huenda vizuri kwenye mashine yenye GB 4 za kumbukumbu. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni nzuri kwa seva na kwa wanachama wanaotaka kujifunza zaidi. Wapenzi wa distro nyingine waendelee kuzipenda nyumbani kwao.

Siku ya kusakinisha

Hapa ndipo kundi hujenga au kubomoa jina lake, na maandalizi huanza na bando. Faili ya usakinishaji ya Ubuntu ya kompyuta za mezani ina takribani GB 6, na ya Mint Xfce iko chini ya GB 3. Ipakue mara moja tu mahali penye intaneti ya kasi, ihakiki kwa jumla ya SHA256 (namba ndefu inayoonyesha kwamba faili haikuharibika) inayotolewa na wasambazaji wenyewe, kisha uiweke katika flashi zilizoandaliwa kwa programu ya Ventoy, ambayo huwezesha flashi moja kubeba faili kadhaa na kukuachia uchague wakati wa kuwasha. Masasisho baada ya usakinishaji ndiyo hula bando zaidi. Chukua kompyuta mpakato moja, isakinishie apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, iunganishe na ruta ndogo, kisha uzielekeze mashine nyingine kwake kupitia mlango (port) wa 3142. Kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu, na mashine zinazofuata zitakipata humo ndani bila kugusa tena intaneti.

Umeme nao una masharti yake. Kompyuta ya mezani, au mpakato ambao betri yake imekufa, isianze kusakinishwa bila UPS, kwa sababu umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, kilichomo kinaweza kupotea. Ekstensheni zenye fyuzi ziwe za kutosha ili mashine tano zisining'inizwe kwenye soketi moja ya ukutani.

Kabla ya kuigusa mashine ya mtu, mtunza daftari amjazie fomu yenye jina, namba ya simu, aina ya kompyuta, printa anayoitumia na programu ambazo hawezi kufanya kazi bila hizo. Fomu iulize pia kama ana nakala rudufu ya faili zake katika diski nyingine, na mwenye mashine atie saini kwamba anayo na kwamba anaelewa hatari iliyopo. Asiye na nakala aitengeneze kwanza, hata kama itachukua saa mbili na foleni ikanung'unika. Katika jambo hili msimhurumie mtu.

Windows ikiwa itabaki pembeni, kagueni mambo mawili. La kwanza ni BitLocker: mashine nyingi za miaka ya karibuni huja zikiwa na usimbaji wa diski uliowashwa bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mipangilio ya UEFI, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, au ukipunguza sehemu ya diski, mashine inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji ambao aghalabu umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ambayo mwenyewe amekwisha kuisahau nywila yake. Upatikane ufunguo huo na uandikwe kwenye karatasi kwanza. La pili ni ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, ambayo huiacha diski katika hali ya kusinzia, na Linux ikiikuta hivyo huenda ikakataa kuandika kitu katika sehemu ya Windows. Izimwe.

Kisha iwashwe Linux kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, na mwenye mashine ajaribu Wi-Fi, sauti, kufunga kifuniko na kukifungua, pamoja na printa, ikiwa amekuja nayo kama mlivyomwagiza. Chipu kadhaa za Wi-Fi za Broadcom huhitaji draiva ya ziada, yaani programu ya kuiwezesha chipu kufanya kazi, kwa hiyo kuwe na waya wa mtandao au simu ya kuunganishwa kwa USB ili draiva hiyo ipatikane. Printa nyingi za HP hukubali kwa wepesi kupitia HPLIP, programu ya HP ya kuunganisha printa zake na Linux, ilhali baadhi ya printa ndogo za leza za Canon hudai draiva ya mtengenezaji na uvumilivu.

Kundi linaloaminika hujua kukataa. Mwenye duka anayetunza hesabu zake katika Tally au QuickBooks ya mezani, na mwenye stesheneri anayeishi kwa CorelDRAW na faili za Publisher, wasihamishwe kwa ahadi kwamba mbadala utapatikana. Wabaki na Windows, au wawekewe mifumo miwili, au waje kuhama siku ambayo wamejaribu mbadala kwa wiki kadhaa na kuridhika. Kinyume chake, mwalimu anayeandika mitihani, mwanafunzi anayeandika tasnifu na ofisi inayotumia kivinjari kwa karibu kila kitu watahama bila kuumia.

Mashine isikabidhiwe mpaka mwenyewe, kwa mkono wake, amechapisha waraka mmoja, amefungua WhatsApp katika kivinjari, amecheza video na amehamisha picha kutoka kwenye simu yake. Waraka huo uwe ni wa Word aliokuja nao, kwa sababu malalamiko ya kwanza kuhusu LibreOffice, programu huria ya ofisi inayoshika nafasi ya Word na Excel, huwa ni kwamba kurasa zimehama. Mara nyingi sababu ni fonti tu: hakikisheni zimo fonti za Liberation, ambazo vipimo vyake vinalingana na Times New Roman na Arial, pamoja na Carlito na Caladea zinazoshika nafasi za Calibri na Cambria. Akiondoka, apewe kadi yenye tarehe ya mkutano ujao na namba ya simu ya mwanachama mmoja aliyekubali kupigiwa. Mwanachama huyo ndiye atakayempigia baada ya siku chache kuuliza hali, bila kungoja kupigiwa.

Mkutano wa pili na inayofuata

Mkutano wa pili uanze na wenye matatizo. Waliosakinishiwa mara ya kwanza wapewe saa nzima ya kueleza kilichowashinda, na kila tatizo lililotatuliwa liandikwe daftarini kwa Kiswahili, kwa sababu baada ya muda daftari hilo litakuwa mwongozo wa mji wenu, lenye printa zenu na ruta zenu. Baada ya hapo lifuate somo moja fupi lenye manufaa ya moja kwa moja: hesabu za duka katika LibreOffice Calc, nakala rudufu kwa Déjà Dup, au namna ya kufufua maabara ya shule yenye mashine za zamani.

Wanachama wasiopenda kufungua mashine wanaweza kushika tafsiri. Kazi hiyo ina historia hapa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, hutafsiriwa kupitia tovuti ya Weblate, ambako hahitajiki mtu ajue kuandika programu. Mwalimu wa Kiswahili hapo hufanya kazi bora kuliko mwanaprogramu.

Andikeni pia kanuni za mwenendo zisizozidi ukurasa mmoja, na mtaje watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao akiwa mwanamke. Kanuni za jumuiya ya Ubuntu ni mfano mzuri wa kuanzia. Kwa matukio makubwa zaidi ya mwaka, mnaweza kujiunga na Siku ya Programu Huria, ambayo kwa desturi imekuwa ikiadhimishwa Jumamosi ya tatu ya Septemba, au na siku ya kuzaliwa ya Debian tarehe 16 Agosti. Mkitaka kuchapisha fulana, kumbukeni kwamba jina na nembo ya Ubuntu ni alama za biashara za kampuni ya Canonical, kwa hiyo masharti yake yasomwe kwanza.

Kuhusu fedha, michango ya flashi na ekstensheni ishikwe na watu wawili, na matumizi yasomwe kila mkutano, hata yakiwa ni shilingi elfu kumi. Ni vyema kuanza kama shughuli ya chuo au maktaba inayowakaribisha, kwa barua ya makubaliano. Mkianza kutaka katiba, ada na akaunti ya benki kwa jina lenu, fikeni ofisi ya Msajili wa Vyama, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, mjue masharti ya usajili kabla ya kukusanya chochote.

Mratibu abadilishwe kila mwaka, wewe mwanzilishi ukiwa wa kwanza kuachia nafasi, na makabidhiano yafanyike mbele ya mkutano: daftari, fomu, flashi, ile kompyuta ya kuhifadhia vifurushi, nywila zote zikiwa katika bahasha iliyofungwa, na namba ya simu ya mwenye ufunguo wa ukumbi.