Fumueni Kwanza, Kisha Mfume

Ukitaka kuanzisha darasa la kufuma nyumbani kwako, sindano ziache kabatini kwanza. Tafuta sweta kuukuu na watu wawili wasiojuana. Ndivyo tunavyofanya kila Jumamosi sebuleni kwangu, hapa Umoja, Nairobi.

Nenda soko la mitumba la Gikomba asubuhi ukapekue rundo la fagia, yaani mabaki ya bei ya chini. Kamera, zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, waachie wenye maduka. Pindua sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, irudishe, maana ukiivuta utapata vipande vifupi visivyo na faida. Unayotaka ni ile ambayo kila upande ulifumwa kwa umbo lake, ndipo zikaunganishwa: ukingo wake una vitanzi vizima. Tena isiwe sufu iliyofuliwa kwa maji moto ikashikamana kama blanketi, hiyo haifumuki hata kwa maombi. Mimi sipiti shilingi 100.

Nyumbani, kata uzi wa kuunganishia kwa wembe, polepole, utenganishe mikono na kifua. Sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo hufumuka kuanzia juu: tafuta ncha begani au shingoni. Sasa ketini wawili, magoti yakikaribia kugusana. Mmoja anavuta, mwenzake amenyoosha mikono mbele kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi, uzi unazungushwa juu ya mikono yake. Huyo wa kushika hawezi kugusa simu, na huyo wa kuvuta hawezi kuinua macho.

Yangu ya kwanza ilikuwa sweta ya kazini, ya buluu, yenye nembo ya kampuni iliyonipunguza baada ya miaka 19 mapokezini. Nilikaa na mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi tu. Tulipofika kifuani uzi ukaanza kukatika ovyo, kwa sababu nembo ilikuwa imetariziwa juu yake na nilipoitoa kwa wembe nilijeruhi vitanzi. Akauliza, "Kwani hapa palikuwa na nini?" Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale plotini. Kila asubuhi bado nilikuwa natoka saa kumi na mbili na mkoba wangu, naenda kukaa bustani ya Jeevanjee mjini hadi jioni. Hakunipa pole. Alisema tu, "Haya, vuta, mikono inaniuma."

Basi tafadhali, usiwasimamishe wageni wajitambulishe mmoja mmoja kama kwenye semina. Mtu ametoka kufiwa, au ametoka kwenye ndoa, atasema nini mbele ya watu tisa?

Uzi ukishatoka, ufunge mahali panne usivurugike, uloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uuanike kivulini na chupa ya maji ya nusu lita ikining'inia chini ili mikunjo inyooke. Kwa baridi ya Julai huchukua siku mbili au tatu kukauka.

Kufuma kwenyewe si kazi ya kutisha. Sindano namba 8, ile ya milimita 4, vitanzi 30, kila safu kwa namna ile ile, mpaka skafu itoke. Usimpe mtu mpya sweta. Atachokea kwenye mkono wa kwanza na hutamwona tena. Wapo watakaokwambia walijifunza kwa spoki za baiskeli. Hata mimi. Lakini spoki ni nyembamba, na uzi wa sweta nzito utamsumbua anayeanza.

Na darasa lisigeuzwe chama. Sisi tulijaribu, shilingi 200 kila wiki kwa zamu, na kufikia mwezi wa tatu wanachama wawili walikuwa hawasalimiani, mmoja akipitia uchochoro wa nyuma ili asipite dukani kwa mwenzake. Siku hizi tunachanga chai na mandazi, na asiye nacho anaosha vikombe. Hatuandiki popote.

Mtu akipotea, msimpigie simu za zamu kumuuliza yuko wapi. Kazi yake itieni kwenye mfuko pamoja na donge moja la uzi, mpeni anayeishi karibu naye ampelekee mlangoni. Asipokuwepo, mfuko urudi kwenye msumari wake na mtu asiuguse. Mmoja wetu alikaa miezi mitano. Jumamosi moja akaingia, akatungua mfuko, akauliza alikuwa ameachia safu ya ngapi. Ya 14. Tulikuwa tumeweka alama kwa pini.