Unapiga laivu na AI? Achana na bluetooth

Wapiga kinanda wa Kigoma, naona vijana wa Mwanga na Ujiji washaanza kupiga laivu na AI, yaani we unapiga, laptop inasikiliza, inakujibu hapohapo. Safi sana, ila kinachowaharibia wengi ni spika ya bluetooth, ile inaweza kuchelewesha sauti milisekunde 100 mpaka 200, kwahiyo jibu linakuja mdundo ushapita afu mtu anasema AI haijui muziki, kumbe haijachelewa yenyewe. Vuta waya mpaka kwenye mikisa. Bafa kwenye programu (yaani kile kipande cha sauti laptop inachokusanya kwanza kabla ya kukishughulikia) weka sampo 128, sampo ni vile vipimo vidogovidogo vya sauti, kwa sampo 48,000 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 3 tu, sauti ikianza kukwaruza panda 256. Chaja iwe imechomekwa, laptop nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguza nguvu zenyewe (umeme ukikatika hapo ndo basi tena, mnaujua wa kwetu).

Kingine, nyamaza kidogo. Programu kama Continuator, iliyotengenezwa na François Pachet kule Sony CSL Paris, maabara ya utafiti ya Sony, inajifunza kwenye vipande unavyopiga noti gani inafuata noti gani, ukitulia ndo inaendeleza. Sasa we ukijaza vidole kila mahali itaingilia wapi? Piga kipande kifupi, acha uwazi. Na kitufe cha kuzima sauti yake kiwe karibu na mguu, maana ikishika noti uliyokosea itakurudishia hiyohiyo mbele za watu.