Kigali wawili tu: kupanga wikiendi ndefu bila watoto

Wikiendi ndefu ni fupi. Mkiondoka Ijumaa saa mbili asubuhi na kurejea Jumatatu saa kumi jioni, mna saa 80, na usingizi utakula karibu theluthi yake. Ndiyo maana mji wa kwenda haupimwi kwa uzuri peke yake, bali pia kwa saa zitakazopotea njiani.

Kwa wanandoa wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam, Kigali inashinda kwa hesabu hiyo. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua kama saa moja na nusu, kutoka Dar kama saa mbili. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipi viza. Na Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja: mkiruka saa mbili asubuhi, mnatua kati ya saa mbili na nusu na saa tatu kwa saa ya huko, Ijumaa nzima ikiwa mbele yenu. Saa hiyo mtairudisha siku ya kurudi, kwa hiyo msiisahau mnapomwambia anayelea watoto mtafika nyumbani lini.

Tarehe kabla ya tiketi

Kosa kubwa hufanyika hapa, kabla hata pesa haijatoka. Watu huangalia sikukuu ya kwao, wakakata tiketi, kisha wakafika Kigali na kukuta mji una ratiba nyingine kabisa.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa, magari na pikipiki hupungua barabarani hadi karibu kuisha. Mwenye tiketi ya ndege ya asubuhi huruhusiwa kupita, lakini aliyepanga kuzunguka sokoni atakaa hotelini. Si jambo baya kama mnalijua: lala mpaka saa nne. Ni baya kama fundi wa nguo alikuwa awamalizie kazi asubuhi ile.

Tarehe 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki na starehe husimama, na hali ya mji mzima hubadilika. Kwa Watanzania mtego uko wazi, kwani Siku ya Karume ni tarehe 7 Aprili hiyohiyo. Ikianguka Ijumaa au Jumatatu, wikiendi ndefu inaonekana kama imeletwa kwenye sahani, lakini kwa safari ya mapumziko ya wawili iacheni. Isitoshe ni katikati ya masika. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na nyingine Oktoba na Novemba. Juni hadi mwanzo wa Septemba ni kukavu.

Jumapili mbili za mwezi baadhi ya barabara kuu hufungwa asubuhi kwa ajili ya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Hii ni zawadi, si usumbufu. Ikiwaangukia, vaeni raba mtoke mapema.

Watoto: kazi ifanyike wiki mbili kabla

Safari ya wawili huharibika nyumbani. Simu ya saa nne usiku ikiuliza kadi ya bima iko wapi inatosha kuua jioni nzima.

Anayewalea, awe bibi, shangazi au mama mdogo, alale nao usiku mmoja kabla ya safari nanyi mkiwa mjini humohumo. Usiku huo ndio utakaoonyesha kinachokosekana: mtoto anayekataa uji usio na sukari, geti ambalo kufuli lake linahitaji kuinuliwa kidogo, jirani anayefungulia muziki. Hayo hayaandikiki mpaka yatokee.

Kisha andikeni karatasi moja, si tatu, mkaibandike jikoni. Iwe na: majina kamili ya watoto na tarehe za kuzaliwa, uzito wa kila mmoja kwa kilo, kwa sababu dozi ya paracetamol ya maji hupimwa kwa uzito na bibi hawezi kukisia, mzio, kama upo, hospitali mnayoitumia na namba yake, jina la hoteli yenu na namba ya mapokezi, na watu wazima wawili wanaoishi karibu wanaoweza kufika ndani ya nusu saa. Pamoja nayo acheni kadi za bima, kadi za kliniki, na barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili yenye namba zenu za vitambulisho, ikimruhusu mlezi kumpeleka mtoto hospitali na kukubali matibabu ya dharura. Acheni pia pesa taslimu za teksi ya usiku na dawa, mbali na pesa ya matumizi. Shuleni, mwalimu apewe kwa maandishi jina la atakayewachukua watoto. Walimu wengi humzuia mtu wasiyemjua, na wako sahihi.

Mama mkwe asikabidhiwe orodha ya amri. Mambo matatu yasiyobadilika yanatosha, kwa mfano dawa, saa ya kulala na nani haruhusiwi kuwachukua. Mengine afanye kwa namna yake. Watoto wakila chapati siku nne mfululizo hawatadhurika.

Msiondoke kwa kunyata wakiwa wamelala. Mtoto anayeamka na kukuta wazazi hawapo huogopa usiku wa pili pia. Waageni, kwa kifupi, mlangoni. Kwa mdogo asiyejua siku, wekeni punje tatu za maharage kwenye kikombe, atoe moja kila asubuhi. Zikiisha, siku hiyo mnarudi.

Simu iwe moja kwa siku, na saa yake ipangwe. Watoto wakilala saa mbili usiku, pigeni saa moja na nusu ya nyumbani, ambayo Kigali ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mnapiga, mnaoga, mnatoka kula. Mkipiga kila wanapowajia akilini, mtawaliza watoto waliokuwa wanacheza vizuri.

Nyaraka, pesa na mfuko wa plastiki

Mtanzania asafiri na pasipoti. Mkenya anaruhusiwa kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, kwa utaratibu uliopo tangu 2014, ila pasipoti huondoa maswali kwenye kaunta ya ndege na dukani mnaponunua laini ya simu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano bebeni wote wawili, kwa kwenda na kurudi. Ambaye hajachanjwa ajue kwamba cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo kukimbilia kliniki Jumatano hakusaidii.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na mizigo hukaguliwa. Viatu na nguo chafu viwekwe kwenye mifuko ya kitambaa, na manunuzi ya uwanja wa ndege yatolewe kwenye mfuko wake kabla ya kutua. Shisha nayo imekatazwa.

Dola safi za matoleo mapya hubadilishwa kwa bei nzuri kuliko shilingi, ya Kenya au ya Tanzania. Badilisheni kiasi kidogo uwanjani, kingine katikati ya mji siku hiyohiyo ya Ijumaa, maana Jumapili maduka mengi ya fedha hufungwa. Kadi hupokelewa hotelini na kwenye migahawa mikubwa. Sokoni na kwenye pikipiki ni faranga mkononi au pesa ya simu.

Bebeni sweta. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar hushangazwa na baridi ya jioni.

Pa kulala na namna ya kutembea

Kimihurura ni pazuri kwa wanaopenda kula na kutoka jioni: migahawa iko karibu karibu. Kiyovu ni kimya, kuna miti, na ni jirani na katikati ya mji. Remera iko karibu na uwanja wa ndege na ina baa nyingi, kwa hiyo ombeni chumba cha nyuma. Mnapoweka nafasi, andikeni kwamba mnataka kitanda kimoja kikubwa. Bila kusema hivyo, si ajabu kupewa viwili vidogo.

Ramani itawadanganya. Mita 800 zinaweza kuwa mteremko mkali kisha mlima. Tembeeni asubuhi, pandeni usafiri mchana. Pikipiki, ambazo huko huitwa moto, hubeba abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu. Kubebana mshikaki hakuna. Wawili ni pikipiki mbili, na dereva wa kwanza asiondoke kabla wa pili hajajua mnakwenda wapi. Jioni ni afadhali teksi, mkae pamoja. Bei ikubaliwe kabla ya kupanda. Magari huendeshwa upande wa kulia, hivyo mnapovuka barabara angalieni kushoto kwanza. Mazoea ya nyumbani ni hatari hapa.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na katika mtaa wa Nyamirambo mtakisikia njiani. Kwingine anzeni na *muraho* (hamjambo), malizieni na *murakoze* (asante). Saa zao ni kama zetu: *saa mbiri* za asubuhi ni saa mbili.

Siku zenyewe

Ijumaa fanyeni kitu kimoja tu kabla ya kupumzika: nendeni soko la Kimironko. Chagueni kitenge, mafundi wako hapohapo, mpimwe wote wawili na kukubaliana kuchukua Jumapili. Mkisubiri Jumamosi, nguo haitakuwa tayari au itashonwa kwa haraka na mshono wa bega utakaa vibaya. Jaribuni nguo papo hapo mnapoichukua, kabla ya kulipa sehemu iliyobaki. Baada ya soko, lala. Wazazi wa watoto wadogo wana deni la usingizi, na wanaolazimisha chakula cha saa tatu usiku siku ya kwanza humalizia kwa kununiana mezani.

Jumamosi asubuhi ni ya Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi. Ilifunguliwa 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale. Kuingia ni bure. Mwongozo wa sauti hulipiwa na unastahili. Tengeni saa mbili na nusu. Kuna chumba cha watoto chenye picha kubwa za watoto waliouawa, na chini ya kila picha mambo madogo: chakula alichopenda, rafiki yake, namna alivyokufa. Kwa mzazi aliyeacha wanawe nyumbani jana yake, chumba hicho ni kizito kuliko vyote. Semezaneni kabla ya kuingia: anayetaka kukipita akipite, mwenzake asimsute. Msiulize mtu yeyote mjini kabila lake. Na msipange kitu cha furaha mara baada ya hapo. Kaeni bustanini kwenye eneo lilelile, kisha mahali pa kahawa. Alasiri, Inema kule Kacyiru, nyumba ya wachoraji iliyoanzishwa 2012, inafaa kwa sababu haidai maneno mengi. Ikiwa ni Jumamosi ya umuganda, Gisozi isogezeni mchana.

Jumapili ni Nyamirambo. Kituo cha wanawake cha mtaa huo, Nyamirambo Women's Center, huandaa matembezi ya mguu pamoja na mlo wa nyumbani; wekeni nafasi siku mbili kabla. Jioni shukeni Biryogo, mtaa wa zamani wa Waislamu na Waswahili wa mji huu, ambako barabara imefungwa kwa magari, imepakwa rangi, na meza zimetandazwa nje. Chai ya maziwa, chapati, nyama ya kuchoma. Kwenye vibanda vya maziwa agizeni *ikivuguto*, maziwa ya mgando, baridi. Brosheti, yaani mishikaki, ya mbuzi huja na ndizi ya kuchoma au viazi. Asiyekula nguruwe ajue kwamba *akabenzi* ni nyama hiyo. Chakula huchukua dakika 40 hadi saa nzima kufika, hata kwenye meza tupu, kwa sababu hupikwa baada ya kuagizwa. Agizeni kabla njaa haijawa kali.

Jumatatu

Mzigo ufungwe Jumapili usiku. Asubuhi pitieni bustani ya Nyandungu, ardhi oevu iliyofufuliwa na kufunguliwa kwa wageni 2022. Iko upande wa uwanja wa ndege, kwa hiyo hamrudi nyuma. Saa moja na nusu inatosha.

Vikapu vya *agaseke* ni vyepesi na havivunjiki, hivyo ndivyo zawadi ya bibi. Kahawa ya punje bebeni mkononi. Asali iingie kwenye begi kubwa, kwani chupa yoyote inayozidi mililita 100 itabaki kwa wakaguzi. Zawadi za watoto ziwe na thamani sawa, na moja iwekwe juu kabisa ya begi.

Fikeni uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Kabla ya jengo kuna ukaguzi ambapo abiria wote hushuka garini na mizigo hupangwa chini kukaguliwa, na foleni yake haihesabiwi na wengi. Chagueni ndege ya mchana badala ya ya usiku: ikiruka saa nane, Nairobi mnatua karibu saa kumi na nusu, Dar kabla tu ya saa kumi na moja, na mnafika nyumbani watoto wakiwa bado macho, kikombe cha maharage kikiwa tupu.