Namna ya Kupima Kemikali Inavyopenya Ngozini ili Majibu ya Maabara Mbalimbali Yalingane

Majibu ya maabara mbili hayawezi kulinganishwa ikiwa kila moja ilichagua ngozi, kipimo na majimaji yake. Mwaka 2004, mwaka uleule OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) ilipotoa Mwongozo Na. 428 wa kupima upenyaji ngozini katika maabara, yalichapishwa matokeo ya maabara kumi za Ulaya zilizopima kafeini, asidi ya benzoiki na testosteroni. Kwa testosteroni, inayopenda mafuta, unene wa ngozi ulibainika kuathiri sana kasi ya kupenya, na ndiyo maana naanza na unene.

Hatua ya kwanza ni kukata ngozi kwa dematomu (kifaa cha kukata ngozi katika tabaka jembamba) iwe na unene wa mikromita 200 hadi 400, kisha kuupima na kuuandika kwa kila kipande. Kabla ya kuweka kemikali, hakikisha ngozi haijatoboka, ama kwa kupima ukinzani wake wa umeme, ama kwa kuona ni kiasi gani cha maji yenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) kinachopita. Kipande kilichochanika kitakupa namba kubwa ya uongo.

Pili, funga ngozi kwenye seli ya Franz (chombo chenye vyumba viwili, ngozi ikiwa katikati), tabaka la nje likitazama juu, na ujaze chini yake majimaji ya kupokelea, yaani yanayopokea kemikali iliyopenya. Hapa usiharakishe: kipovu kimoja cha hewa kikijibana chini ya ngozi hupunguza eneo la kupenyea, kwa hiyo inamisha seli na kuigonga taratibu mpaka kitoke. Joto la ngozi liwe nyuzi 32, lisipungue wala kuzidi kwa zaidi ya nyuzi moja.

Tatu, weka kiasi kinachofanana na mguso halisi: miligramu 1 hadi 5 kwa sentimita moja ya mraba kwa vitu vikavu, au mikrolita zisizozidi 10 kwa eneo hilohilo kwa vimiminika. Chukua sampuli kwa vipindi hadi saa 24.

Mwisho, osha ngozi, kisha pima kemikali iliyo kwenye maji ya kuoshea, kwenye ngozi, kwenye majimaji ya kupokelea na kwenye seli yenyewe. Jumla iwe kati ya asilimia 90 na 110 ya ulichoweka. Ikiwa nje ya hapo, toa sababu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwetu ngozi ya binadamu ni vigumu kuipata. Je, ya nguruwe inafaa?*

Marahaba. Inafaa, mradi uitaje wazi kwenye ripoti. Ya panya nayo inakubalika, lakini kwa kawaida hupitisha zaidi kuliko ya binadamu.

*Mwalimu, ninapima kiuatilifu kisichoyeyuka vizuri katika maji, na majimaji ya kupokelea hayaonyeshi kitu. Je, niandike kwamba hakipenyi?*

Hapana, ndugu yangu. Huenda kimepenya kikakwama ngozini kwa kukosa pa kuyeyukia. Rudia jaribio ukiwa umeongeza albumini (protini ya damu) kwenye majimaji hayo, na kiasi kilichobaki ndani ya ngozi kihesabu kuwa kinaweza kufyonzwa, isipokuwa uwe na ushahidi wa kupinga.