Mashine ya boti ikikataa kuzunguka: angalia haya kabla hujang'oa nanga

Mashine isiyozunguka kabisa na mashine inayozunguka bila kuwaka ni maradhi mawili tofauti. Ukigeuza ufunguo ukasikia kimya, au "tak" moja tu, achana na plagi, achana na kabureta, na petroli usiisingizie. Nimewaona watu wakipekua kabureta ya mashine ambayo stata yake (mota ndogo ya umeme inayoizungusha mashine) haijalia hata mara moja, na abiria wa Shela, huku Lamu, wamekaa juani wanawatazama.

Gia iwe nyutro, tena nyutro kamili. Utikise mkono wa gia kidogo huku umeshika ufunguo. Kamba ya kuzimia mashine iwe mahali pake. Swichi kuu ya betri iwe imewashwa. Fyuzi itazame.

Betri ipime kwa mita: ikijaa husoma kama volti 12.6, ikifika 12 ipeleke chaji. Kisha mwambie mwenzako ageuze ufunguo nawe unasoma. Ikiporomoka chini ya 9.5, usiiamini, hata kama ulipoinunua uliapiwa ni mpya. Teminali zikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua, sugua kwa brashi ya waya, kaza, ndipo upake grisi. Zikaze kwa spana. Zile nati za masikio zinazofungwa kwa vidole hulegea kwa mtikisiko wa mawimbi.

Sasa waya, na hapa nisikilize vizuri. Nahodha mmoja alikuwa anaelekea Kizingitini, kisiwani Pate, wakati wa kusi, boti imejaa watu na magunia. Ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, wavu ukanasa kwenye propela. Akazima mashine, akainyanyua, akaukata wavu. Kugeuza ufunguo: tak. Betri mpya, teminali zang'aa. Kamba ya dharura ya kuvuta mashine kwa mkono alikuwa nayo, ila spana ya kufungulia kifuniko cha flaiwili, gurudumu la juu ya mashine inapozungushiwa kamba hiyo, ilibaki nyumbani. Na Mkanda haumngoji mtu. Maji yalikuwa yashaanza kupwa. Boti ikakaa kwenye tope, abiria wakaliwa na mbu wa mikoko mpaka maji yalipojaa tena usiku, wakaja kuvutwa.

Fundi hakufungua chochote. Alisema geuza ufunguo, akapitisha kiganja juu ya waya mnene wa betri. Karibu na kichwa chake, pale unapofungwa kwenye teminali, ulikuwa wa moto. Akachana mpira: ndani shaba imekuwa nyeusi, imebaki nyuzi chache, nyingine zimegeuka unga wa kijani. Chumvi huingilia kwenye ncha ikapanda chini ya mpira, kwa nje huoni kitu. Mita nayo itakwambia betri ni nzima, na kweli ni nzima. Kwa hiyo upinde waya karibu na kichwa. Ukihisi umekakamaa au unakwaruza kwa ndani, ukate mpaka ukute shaba nyekundu, au uweke mpya wa shaba iliyopakwa bati. Waya wa gari hautadumu baharini.

Ukilazimika kuvuta kwa kamba ya dharura, hakikisha nyutro mara mbili: kinga ya gia, ile inayozuia mashine kuwaka ikiwa ndani ya gia, haifanyi kazi hapo, boti itaruka mbele na watu wamesimama. Kikoi kikaze, shati lisining'inie karibu na flaiwili. Ikiwa hata kwa kamba haizunguki, usiilazimishe. Toa plagi, huenda silinda imeingia maji. Na hao wanaogusisha spana kwenye stata kupata cheche, pembeni ya tangi la petroli, sijui niwaambie nini.

Mengine unayajua: upondo na makasia yawemo, jaketi zitoshe watu wote, simu iwe na chaji na isilowe, uulize maji yanapwa saa ngapi, na mtu wa nchi kavu ajue umetoka lini na unakwenda wapi.