Somo: Kuzuia mianzi inayotambaa isimeze bustani

Niliupanda mwanzi mmoja nyuma ya nyumba hapa Arusha ili unikinge na barabara. Mvua za mwaka wa nne ulitokeza katikati ya mchicha, hatua tano kutoka nilipoupanda. Nilichojifunza kwa kuchimba ndicho hiki.

1. Ujue mwanzi wako. Ule wa njano wenye mistari ya kijani hukua kwa kichaka. Hunenepa taratibu na hauhitaji kizuizi. Wangu ni mwanzi wa dhahabu, Phyllostachys aurea, wenye asili ya China, na huo hutambaa. Kila fundo hutoa matawi mawili, moja nene na moja jembamba; pingili za chini mara nyingi zimesongamana, na juu ya fundo lenye matawi kidole kinahisi mchirizi kwenye shina.

2. Tafuta umefika wapi. Kinachotembea si mizizi ile ya nyuzinyuzi, ni shina gumu la ardhini lenye mafundo, na kila fundo lina jicho. Mengi hupita ndani ya sentimita 30 za juu. Anzia chipukizi la mbali, lifuate kwa sururu ukirudi nyuma, kata, ng'oa. Hapo utahitaji mtaimbo na subira.

3. Chimba na uweke kizuizi. Handaki liwe na kina cha sentimita 70, kuzunguka kichaka chote. Bati litaoza kwa kutu, na ukuta wa saruji ukipata ufa, mwanzi hupita humo humo. Mimi nilitumia mapipa ya plastiki ya lita 200 (yasiwe yaliyobeba sumu). Kata juu na chini, pasua ubavuni, kunjua: unapata kipande cha urefu wa mita 1.8 hivi. Kipimo cha juu hadi chini kiwe sentimita 75. Kwa mduara wenye kipenyo cha mita 2, mapipa manne yanatosha, vipande vikipandana kwa sentimita 20 na kubanwa kwa bolti na vyuma bapa. Usiache tundu hata la kidole.

Kilaze kizuizi kidogo, upande wa juu uegemee nje, mbali na mwanzi. Mwanzi ukigonga plastiki iliyolala hivyo, hupanda juu ukaonekana. Plastiki ikilala upande mwingine, utazama na kupita chini. Sentimita 5 zibaki juu ya ardhi. Shindilia udongo vizuri chini na upande wa nje.

4. Kagua. Watu wengi hudhani kazi imeisha hapa. Kizuizi hakiuui mwanzi, kinakuonyesha tu pa kukata. Mimi huzunguka kabla ya masika na baada yake. Lolote lililoruka ukingo nalikata palepale. Usilundike majani hadi yafunike ukingo, hutaona kinachovuka.

Vipande ulivyong'oa usivitupe mtoni wala kwenye shimo la mboji, vitachipua. Vianike juu ya bati hadi vikauke kabisa, kisha choma.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Moshi: Je, nikimwaga chumvi au dizeli haufi?*
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Utaharibu udongo wako kwa muda mrefu, na mwanzi utachipukia pembeni. Ukitaka kuumaliza, kata mashina yote usawa wa ardhi, kisha kila chipukizi lipige panga kabla halijafungua majani. Akiba ya chini huisha, lakini jipe miaka miwili mitatu.

*Mwanachama, Lushoto: Unatoka kwa jirani. Nifanyeje?*
Zungumza naye kwanza, dada, maana asipojua utahangaika peke yako. Halafu chimba upande wako mtaro wa sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, uuache wazi. Mashina yakitokeza hewani unayaona na kuyakata. Ni nafuu kuliko mapipa, ila udongo ukibomoka uzoe, usiache ukafanya daraja.

*Mwanachama, Njombe: Naweza kuupanda kwenye pipa?*
Unaweza, lakini usilifukie wala kuliweka juu ya udongo mtupu. Utatokea kwenye matundu ya maji. Liinue juu ya matofali uone chini yake. Baada ya miaka michache litajaa, utautoa na kuupasua kwa msumeno, urudishe nusu.