Kabla hujapeleka kazi yako ya kidijitali kuprintiwa, kagua rangi

Mwanga wa kioo, punguza. Ukichora usiku huku kioo kimewaka mpaka mwisho, karatasi itatoka giza na utamlaumu fundi bure. Simu ndiyo usiiamini kabisa, hiyo inapamba kila kitu.

WhatsApp: tuma kama dokyumenti, si kama picha. Au peleka flashi.

Muulize fundi anataka faili la aina gani kabla hujabadilisha chochote. Kioo kinaunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu (RGB). Mashine inaziunda kwa wino wa siani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), manjano na mweusi (CMYK). Zipo rangi ambazo wino hauziwezi: kijani cha kuwaka, chungwa kali, bluu nzito. Wengi wanakimbilia kugeuza faili liwe CMYK bila kujua litaingia mashine gani, wakati zipo mashine zinazopendelea RGB zijigeuzie zenyewe. Kama huna maelekezo, acha sRGB (aina ya RGB ya kawaida), na profaili yake, yaani maelezo ya rangi zisomwe vipi, ibaki ndani ya faili.

Sasa sampuli, ile nakala moja ya kujaribia kabla ya kuprinti zote. Najua utasema unatoa sampuli kila siku. Hata mimi nilitoa.

Nilikuwa nimechora jahazi, bahari bluu ya kina kirefu, na mteja akataka nakala 60 za A3. Sampuli ikatoka safi kwenye karatasi ya kung'aa, nikalipa, nikaenda zangu. Kesho yake jioni nafungua bunda: bahari nzima zambarau, kama juisi ya zabibu! Kijana wa dukani akaniambia, "Bro, ile mashine ilikwama, tukahamishia hii ya pembeni. Na karatasi iliisha, ila hii ni ileile tu." Haikuwa ileile. Hii haikuwa na mng'ao wowote, wino ulizama ndani kama chai kwenye andazi.

Lakini kosa lilianzia kwangu. Bluu ya wino ni siani na majenta, na majenta ikiikaribia siani, unapata zambarau. Faili nililigeuza CMYK mwenyewe: siani asilimia 100, majenta asilimia 88. Mashine ya kwanza ilinistahi tu. Nusu ya hela ya mteja niliirudisha kutoka mfukoni.

Siku hizi kwenye bluu naziachanisha hizo mbili kwa pointi 30 hivi. Na nyuma ya kila sampuli naandika mashine, karatasi, jina la faili na tarehe, kisha fundi anasaini. Wananicheka, wacheke. Kimojawapo kikibadilika, natoa sampuli nyingine, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Sampuli yenyewe usiitazamie chini ya taa ya duka. Iache ikauke, toka nayo nje, simama kivulini. Mteja aishike mkononi, usimpigie picha ukamtumia. Weusi wa eneo kubwa uongezee siani kidogo, la sivyo unatoka kijivujivu. Herufi ndogo ziache na wino mweusi peke yake, maana zikiwa na wino kadhaa, mmoja ukisogea kidogo tu zinaota kivuli. Bakiza sampuli moja kwako. Hesabu nakala kabla ya kuondoka. Na kazi ya Jumamosi usiipeleke Ijumaa jioni, umeme nao una mambo yake.